Ndege ya Serikali

Nianze na aibu yenyewe, mcheke kabisa ndipo tuendelee. Mimi, Riziki, nikiwa na miaka kumi, niliifukuza familia yangu kutoka Australia. Siyo polisi, siyo watu wa uhamiaji. Ni mimi, kwa mdomo huu huu, nimevaa kandambili na kofia ya shule, najiona mkalimani wa Umoja wa Mataifa.

Nimekumbushwa na sauti. Juzi natoka shifti pale kwenye ghala tunapopakia maboksi, Mount Druitt, nikasikia nyuma yangu kek-kek-kek-kek, kama mtu anapasua mbao kwa hasira. Nikalala chini. Sikusema niliinama, nimesema nililala. Kahawa ikaenda zake kushoto, mimi kulia. Supavaiza akauliza kama niko sawa, nikamwambia nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa buti zisizo na kamba.

Mkaaji wa Sydney anaijua sauti hiyo. Ni pluva, ndege mwenye miguu mirefu na uso wa njano kama amejibandika maganda ya ndizi mashavuni. Baridi ikianza kuisha, yeye hajengi juu ya mti kama ndege wenye adabu. Anataga chini, penye uwanja wa mpira, penye maegesho ya magari, popote, halafu anawafukuza wenye uwanja. Na kwenye bawa ana mwiba. Sisi jina lake hatukulijua. Mama alimwona mara ya kwanza anakimbia kwenye majani, akasema, "Kware hao," akamaliza. Basi kwetu wakawa kware.

Mama alikuwa na kipande cha shamba kule karibu na ghuba, mbali kabisa na kwetu, treni mbili na basi. Mzee mmoja wa kanisani ndiye aliyemtafutia. Upande mmoja kulikuwa na mboga za mzee wa Kichina, mistari imenyooka kama ya rula. Upande wa pili ilikuwa hifadhi, kinamasi cha maji ya chumvi, matete, mikoko mifupi, na kibao cha kukataza mbwa. Upepo ukitoka huko ulileta harufu ya matope na chumvi, unachanganyika na samadi ya kuku mpaka unashiba bila kula. Na juu yetu ndege za abiria zilikuwa zinashuka kwenda uwanjani, chini kiasi kwamba Espoir, mdogo wangu, alikuwa anawapungia abiria na kuapa kuna mmoja amemjibu.

Kila Jumamosi mama alipanda treni na jembe lake amelifunga gunia. Watu walikuwa wanahama, tunabaki na siti zote. "Unaona nchi hii ilivyo na heshima?" anasema, ananyoosha miguu.

Mjue kwamba nyumbani mama alikuwa mdogo. Simu ya namba asiyoijua ikilia, anaitazama kama nyoka. Barua ikija, inalala juu ya friji mpaka nitoke shule niisome, na mimi mwenyewe nasoma kwa kubahatisha. Lakini akifika shambani anakuwa mkubwa. Anaimba, anatukana magugu kwa majina ya watu aliogombana nao kwenye kambi ya wakimbizi. "Hujambo Mama Sifa, bado uko hapa?" Halafu jembe, kwa! Mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, alizipata kwa mama mmoja wa Burundi, mahindi na maharage kwa huyu na yule. Mwaka ule alikuwa ameshalima matuta yote, anangoja tu udongo upate joto.

Ndipo akaja renja, mlinzi wa ile hifadhi. Mwanamke mpana, kaptura, kofia, na utepe wa rangi ya machungwa mkononi, kama ule polisi wanaozungushia mahali mtu ameuawa. Alitusimamisha getini, akaanza kuongea Kizungu chao kile cha puani, haraka, huku anaonyesha kule shambani kwetu. Wakati huo huo ndege kubwa inapita juu, masikio yanatetemeka. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa Kiingereza. Nikashika nilichoweza kushika: birds, gavamenti, leave, four weeks.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nikakohoa kama mtu mzima. "Anasema tuondoke. Ndege ya serikali. Wiki nne."

Mama akanitazama. "Tuondoke?"

"Ee."

"Wote hawa, au sisi tu?"

Nikageuka. Mzee wa Kichina alikuwa anakata mboga zake, hana habari. Utepe unaenda kwetu tu. "Sisi tu, mama."

Renja akatabasamu, akainua dole gumba. Mama naye akainua la kwake. Kambini alikuwa amejifunza kwamba mtu wa serikali hapingwi, wala haulizwi mara ya pili. Alikuwa na msemo wake: "Ukiuliza sana, wanakumbuka jina lako." Akalifunga jembe kwenye gunia, mbegu akazirudisha kwenye mkoba, tukageuza. Kwenye treni watu walihama kama kawaida. Safari hii hakusema nchi ina heshima.

Mimi nilidhani shamba tu ndilo limekwenda. Nilisikitika kidogo, sikukonda. Lakini jioni ile sanduku likashuka kutoka juu ya kabati, lile tulilokuja nalo, bado lina karatasi ya uwanja wa ndege kwenye mkono. Mama akalifuta vumbi, akaliacha wazi pembeni ya kitanda. Nikalala natazama lile sanduku, najiuliza: nilisema ndege, au nilisema ndege?

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama, ambaye hununua unga kwa gunia, alirudi dukani na kipaketi kidogo kama cha kapera anayeishi geto peke yake. Akaanza kunifundisha mambo. Namna ya kusonga ugali bila madonge. Namna ya kumwosha Espoir masikio. "Akikohoa usiku usimpe maji ya baridi. Umesikia?" Nimesikia. "Sema." Nikasema. Asubuhi alitusindikiza shuleni, na kengele ikishalia bado namwona amesimama nje ya uzio, ameshika waya. Mwalimu akachoka kuniruhusu chooni. Nilikuwa nimeshaamini. Mama anajua mengi kuliko mimi, nikawaza, kama ameshusha sanduku basi renja atakuwa alisema hivyo kweli. Kumbe yeye anaamini kwa sababu nilisema mimi, na mimi naamini kwa sababu ameamini yeye. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafukuzana nchini, mama na mtoto, serikali yenyewe haina habari.

Jumamosi alivaa kitenge cha kanisani. Jembe akaliacha.

"Hatuendi kulima?"

"Unakuja kunitafsiria. Neno kwa neno, usitie chumvi."

Tulimkuta renja pembeni ya shamba letu na darubini shingoni. Utepe ulikuwa umezungushwa katikati ya matuta kwa vijiti vinne. Mama akasimama mbele yake, mikono imeshikana tumboni.

"Mwambie hivi. Mimi nitapanda hiyo ndege. Sitasumbua mtu. Lakini watoto wabaki. Huyu anajua Kizungu, atawafaa. Na yule mdogo hali sana."

Jamani, nilitafsiri. Kamasi mpaka kidevuni, lakini nilitafsiri. Nikasema mama ataenda na pleni, mimi na mdogo wangu tunaomba kubaki, mdogo wangu hali sana.

Renja akaniuliza pleni gani. Nikamwambia ya gavamenti. Akatazama juu, akamtazama mama, akaona kile kitenge, viatu vya kanisani, ile mikono. Uso ukambadilika. Akapiga goti mpaka akalingana na mimi, akanyoosha kidole ndani ya utepe. Pale kati, juu ya tuta la mama, kware mmoja alikuwa amekaa, ametukazia macho ya njano. Chini yake yalionekana mayai, yana madoa kama udongo. "Birds," renja akasema polepole, kama anamlisha mtoto. "Leave the birds."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa Kizungu leave ni kuondoka, na leave hiyo hiyo ni kuacha.

"Ndege, mama," nikasema.

"Ndege ipi?"

"Siyo ipi. Yupi. Huyu hapa. Tuwaache wiki nne watotoe, hawa ni wa serikali."

Mama akainama akatazama. "Kware?"

"Kware."

"Kware hawa ndio serikali?"

Nilifunga macho nikangoja kofi. Halikuja. Nilipofungua, mama alikuwa amekaa chini, kitenge cha kanisani kwenye samadi, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Halafu akavua viatu, akaenda kwa mzee wa Kichina, akaonyesha jembe kwa kidole, akapewa. Mbegu zilikuwa bado mkobani; akapanda mahindi kuzunguka ule utepe mpaka jioni, na kitenge chake hicho hicho. Kila akigeuka, kware wa kiume anamrukia kichwani, kek-kek-kek, na mama anakinga kwa kiwiko na kumwambia, "Wewe tulia. Hakuna anayekuondoa." Mimi alinirukia mara moja tu, na hilo suruali yangu ya shule ilijua.

Shule ya Kiswahili niliiachia njiani, kwa hiyo ngeli za Kiswahili mpaka leo nazipiga chenga. Lakini ile ya ndege ipi na ndege yupi sitaikosea tena. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hii kama kichekesho, na nimechekesha watu wengi. Neno "watoto wabaki" nalisema haraka haraka ili nifike kwenye kware. Mpaka nilipopata wa kwangu ndipo siku moja, namwosha masikio, nikalisikia. Mtoto wa miaka kumi alilitafsiri vizuri, hakutia chumvi, na hakulielewa.

Juzi juzi tena nikaisimulia, tuko kwenye nyama choma kwa Njeri. Njeri ni Mkenya, rafiki yangu tangu tulipokuwa wadogo, wao wakikaa ghorofa ya juu yetu na mama yake akiwa nesi. Watu wakacheka. Njeri hakucheka. Alingoja tuko wawili tunaosha vyombo.

"Kwani hukujua?" akasema. "Hiyo wiki mamako alikuja kwetu na mfuko wa nguo zako na za Espoir. Aliuliza tu mum kama kuna nafasi. Mum akadhani anaenda matanga, akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nishakutolea droo mbili, nikahamia upande wa ukuta. Halafu Jumamosi usiku akakuja kuzichukua, anacheka mpaka hawezi kuongea. Aki Riziki, nilikununia mwaka mzima vile hukukuja, na hukuwahi kuniuliza kwa nini."