Boksi la Baasto Lililotoka Soor

Mjukuu wangu wa kike nakaa naye hapa Garissa, mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya kazi Nairobi. Ananiita ayeeyo, yaani nyanya, na mimi namwita ayeeyo vilevile, ndiyo desturi yetu Wasomali. Mtu akipita nje akitusikia atadhani nyumba imejaa nyanya watupu.

Sasa huyu mtoto alikuwa anasumbuliwa na tumbo. Akila, tumbo linafura kama kiriba cha maziwa, anajikunja kwa mkeka analia. Tukampa habasoda, tukamsomea Kurani, tukalaumu hata maziwa ya mbuzi wa jirani. Mwisho hospitali wakampima damu, wakasema ni ngano. Ngano! Nyumba yetu bila ngano ni nyumba gani? Asubuhi anjera, ile chapati yetu laini ya uji wa ngano, mchana baasto, zile tambi. Nikamuuliza daktari, "Kidogo tu je?" Akasema, "Nyanya, hata chembe."

Wali anakula, sawa. Lakini sisi tunakula kwa sinia moja, mikono yote ndani, na mkono uliomega anjera ndio huohuo unarudi kwenye mchuzi. Basi mtoto akawa anakula na bakuli yake pale mlangoni, ametugeuzia mgongo. Kwetu mtu anayekula peke yake ni mgonjwa au mgomvi. Binamu zake wakamchokoza, "Wewe mgeni wa wapi?" Akaanza kuacha chakula. Bakuli inaenda imejaa, inarudi imejaa. Nikaona mifupa ya shingo yake. Hapo niliogopa, wallahi. Tumbo lilikuwa limepoa, lakini moyo umekataa kula.

Mama yake akatuma maboksi kwa basi. Ndani kuna baasto fupi za mchele, hazina ngano, na pakiti ya unga wa rangi ya chungwa wa kutengeneza mchuzi. Jibini, ati. Nikafungua nikanusa. Subhanallah! Soksi ya dereva wa lori! Mzee wangu akauliza kutoka kwenye mkeka, "Kuna mgeni ameingia?"

Binti yangu akanipigia simu. "Hooyo, mama yangu, chemsha kidogo tu. Ikilainika, epua mara moja."

"Unanifundisha mimi baasto? Si ni baasto yangu ndiyo ilikuotesha meno?"

Ijumaa kwetu ni siku ya baasto, mtu asikwambie kitu kingine. Nikaamua leo ngano haiingii hii nyumba, tutakula wote hiyo ya boksi, sinia moja. Nikasugua sinia na sufuria kwa majivu mpaka zikang'aa. Unga wa soksi nikaweka kando. Nikamwaga maboksi yote kwa sufuria, nikachemsha vile nachemsha siku zote, nikafunika, nikaweka makaa juu ya kifuniko kama wali, nikaenda kuswali.

Kurudi, nafunua, hakuna baasto. Kuna kitu kizito cheupe, mwiko umesimama wenyewe bila kushikwa. Wanaume nawasikia wanatoka msikitini, na njaa yao. Mtoto akachungulia sufuria. "Ayeeyo, imeharibika?" Mdomo unatetemeka. Ameshaangalia bakuli yake pale mlangoni.

Nilitaka kulia na mimi. Macho yangu yakaenda kwa chupa ya samli. Nikaangalia sufuria tena. Aaa! Mbona hii naijua? Hii si soor, ule ugali wetu laini wa mahindi niliokua nao? Nikapindua yote kwa sinia, nikaipigapiga na mwiko ikawa kilima, nikatoboa shimo katikati, nikamwaga samli ya iliki. Supu ya mbuzi pembeni, ndizi juu.

"Haijaharibika, ayeeyo. Njoo ukae hapa, karibu na samli."

Mzee akamega, akaangalia vidole. "Hii baasto mbona haina umbo?"

"Waryaa, kula! Na wewe umbo lako liko wapi?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mikono ikaingia. Binamu yake mkubwa akamsukuma, "Sogea wewe, unamaliza samli!"

Mtoto akamjibu, mdomo umejaa, "Sogea wewe! Mgeni wa wapi?"

Mimi sikula sana. Nilikuwa naangalia tumbo. Mchana kutwa nikamfuata kama polisi, anaruka kamba mimi niko nyuma. "Ayeeyo, tumbo?" "Iko sawa!" Baada ya alasiri nikamshika, nikamlaza kwa mapaja, nikaweka kiganja. Laini kama unga. Alhamdulillah, nilivuta pumzi mpaka mabega yakashuka.

Binti yangu akapiga tena. "Hooyo, ilitoka vizuri?"

"Vizuri kabisa. Tuma mengine. Lakini huo unga waambie wajiwekee."

"Ulichemsha kidogo?"

"Mwanangu, mtandao unakatika."

Ile bakuli ya mlangoni sasa kuku wananywea maji.