Shanga Zilizooshwa

Pale chuoni walimwita Bi Salfa. Miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi wa maabara ya ghorofa ya pili, na harufu ya dawa zake, harufu ya yai viza, ilimganda hadi kwenye nywele. Akiingia kwenye lifti, watu hukumbuka ghafla kwamba kupanda ngazi ni afya.

"Wewe huhitaji kitambulisho," mlinzi wa getini humtania. "Upepo umeshakutangaza."

Hucheka, kisha hupita. Nyumbani hakukuwa na wa kucheka naye.

Aliyekuwa akimsogelea ni Daktari, mtafiti kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Kila saa kumi jioni huvuta kigoda karibu na meza yake. "Mama, watu wetu wanasemaje leo?"

Watu wao walikuwa asidi amino, vipande vinavyounda protini. Walichunguza kimeng'enya kinachochukua salfa na kuikabidhi sianidi, sumu ile ikapoteza makali. Kazi yote hufanyika ndani ya kijishimo kimoja. Humo amekaa sisteini, mmoja wa watu hao, ambaye ndiye anayeipokea salfa na kuishika. Lakini majirani watano waliobanana naye ndio wanaoamua mgeni gani aingie na nani apewe mzigo. Badilisha wawili tu kati yao, na kimeng'enya huanza kumpendelea mgeni mwingine kabisa.

"Kumbe tabia ya mtu ni majirani zake," Daktari alisema siku moja.

"Basi mimi sina tabia. Wangu wote wamehama."

Walicheka mpaka mirija ikatikisika mezani.

Kisha wakamwondoa sisteini mwenyewe na kumweka serini, anayefanana naye kwa kila kitu ila hana salfa. Kimeng'enya kilitakiwa kufa. Kipimo chao kilikuwa rahisi: kazi ikifanyika, mrija huwa mwekundu; isipofanyika, hubaki na manjano hafifu. Mirija ya serini ikapata wekundu uliopauka, kama ganda la kitunguu. Daktari aliruka kama mtoto. Akaandika makala, na chuo cha ng'ambo kikamwita akafanye kazi kwao kwa sababu ya ugunduzi huo wa kimeng'enya kinachofanya kazi bila sisteini.

Rangi ile ilimkosesha Bi Salfa raha. Asubuhi moja, akiosha bomba la kioo la kuchujia, akakumbuka jambo. Ndani ya bomba mna shanga nyeupe, ndogo kama mchanga, zinazonasa protini, yaani kimeng'enya chenyewe. Kwa kuwa pakiti mpya huchukua miezi minne kufika, walizoea kuosha zilezile na kuzitumia tena. Yeye alikuwa na utaratibu wake, kama mfua nguo anayetanguliza nyeupe: kwanza vimeng'enya dhaifu, chenye nguvu mwisho. Siku ya kipimo kile, bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha serini walichelewa kukua. Akatanguliza kile cha asili, chenye sisteini, akaosha shanga, akapitisha cha serini juu yake.

Pengine wekundu ule ulikuwa mabaki tu.

Akinyamaza, Daktari angeondoka na heshima yake. Akisema, angebaki. Hakuwa na hakika kama anautafuta ukweli au anamtafuta mtu wa kukaa naye jioni. Alilala na swali hilo siku tatu. Ya nne, pakiti mpya ikafika. Akapiga moyo konde, akarudia kazi yote kwa shanga ambazo hazijaguswa na kitu.

Mirija sita ya serini ikabaki na manjano yake.

Akamwita Daktari, akamweleza bila kujificha. Kijana aliinua mrija mmojammoja kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha yote. Alipozungumza hakumtazama.

"Umefanya hivi ili nisiondoke?"

"Sijui, mwanangu. Nimejiuliza sana. Lakini hiyo mirija haijui kama nataka ubaki."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akatoka. Mchana huohuo aliandika barua ya kuiondoa makala. Wiki iliyofuata ng'ambo walifuta mwaliko kwa mistari miwili, ya adabu sana.

Akabaki. Alihamia chumba cha pili, na kupitia ukuta Bi Salfa alimsikia akikohoa, akisogeza kiti, akizungumza kwenye simu. Kazi akawa anamwachia kwenye karatasi mapema, kabla fundi hajafika: badilisha jirani arijinini, badilisha jirani lisini, shanga mpya kila mara. Mwandiko ulikuwa safi, usio na neno la ziada.

Bi Salfa aliisoma karatasi ya kwanza mara mbili, akageuza nyuma kuona kama kuna lingine. Kisha akavaa glavu, akaanza na arijinini.