Mnazi wa Posa Uliokwenda Marereni kwa Pikipiki

Nilitoka Malindi kwenda Marereni kumposa Sidi. Nawaandikia ndugu zangu wa nyumbani kwa sababu habari mliyoipata ni ya gari tu.

Gari lenyewe mmeliona: la kifahari, la jamii ya yale yanayobeba marais, viti vya ngozi nyeupe kama maziwa. Kazi ya kuchora matangazo kwa kompyuta nilijifunza peke yangu, na gari hilo nilitaka liwe cheti changu. Tangu nilinunue silali vizuri. Kila nikiamka nalizunguka kutafuta mkwaruzo. Nikiukosa naanza upya.

Malindi, asubuhi. Baba mkubwa Karisa, anayesimama mahali pa marehemu baba, alikuwa amelala kwangu. Alitoka Kaloleni na dumu la mnazi, maana kwetu posa haianzi bila pombe hiyo. Mdomo wa dumu aliuziba kwa makumbi ya nazi tu, na povu lilichuruzika kando.

"Tulifunge kwa kifuniko, baba."

"Mnazi wapumua, mwanangu. Ukiufunga, dumu litapasuka."

Nikatazama viti. Nikamwambia tulikodishie dumu pikipiki, litufuate.

Akacheka kidogo. "Mnazi wa posa uende peke yake kama mfuko wa simiti?" Kisha akaniona nikifuta kitasa cha mlango wa gari alichokuwa amekishika. Akaliinua dumu. "Basi nitakwenda nao mimi."

Nilipaswa kukataa. Nikamuuliza kama ana koti.

Baada ya Gongoni, malori ya chumvi yalitimua vumbi. Nikaongeza mwendo nisipigwe na changarawe. Pikipiki ikapotea kwenye kioo.

Marereni nilifika mbele. Mzee Kazungu, baba yake Sidi, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, alinipokea uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Waja na nani?"

"Na baba mkubwa. Yuko nyuma, kwa pikipiki, na mnazi."

Shangazi yake Sidi akalitazama gari toka taa hadi taa. "Lote hilo, na mzee hakutoshea?"

Wakacheka wote isipokuwa Sidi, aliyesimama mlangoni.

Baba mkubwa alifika na vumbi hadi kwenye nyusi, amelikumbatia dumu, shati limelowa povu. Wakampa maji na kigoda. Mzee Kazungu akamuuliza kwa nini tumekuja mbalimbali. Nikajua akisema kweli, posa imekwisha.

"Gari lisilo na kelele hunitapisha," akasema baba mkubwa. Uani wakaangua kicheko.

Mnazi ukamiminwa. Kama ilivyo desturi, Sidi akaitwa, akaulizwa mbele ya watu: "Tunywe, au tusinywe?" Akikataa, tunarudi na dumu letu. Alinitazama mimi, kisha akalitazama lile shati, muda mrefu. Hakuwa ameamini habari ya kutapika.

"Kunyweni," akasema. "Mzee huyu amesumbuka."

Jina langu hakulitaja. Wakanywa.

Jioni, kurudi, nilimfungulia baba mkubwa mlango wa mbele. Akavua viatu, akavikung'uta nje, akaketi ukingoni mwa kiti na kuvipakata.

"Baba, vaa viatu. Keti vizuri."

"Hapa pananitosha, mwanangu."

Akavipakata hadi Malindi. Nilichojifunza safari ile ni hiki: mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto sasa anaogopa kunichafulia.