Mwenyewe wa Korosho

Mie nilipokuwa mdogo, pale Mtoni, hakuna mtoto aliyekuwa ananizidi kwa kuokota korosho. Waulize wakubwa wa kule. Uani kwetu kulikuwa na mkorosho mmoja, na msimu ukifika mie nilikuwaga chini yake kabla kuku hawajashuka. Bibo nakula, korosho nanyofoa naweka pembeni, shati linaingia madoa ambayo sabuni yote ya Temeke isingeyatoa. Tunazianika kwenye jamvi mpaka ukizitikisa zinalia, halafu zinapanda darini kwenye gunia. Gunia lenyewe kubwa kama chumba.

Aliyekuwa na amri na zile korosho ni bibi, mama yake baba, mtu wa kusini huko, Newala. Alikuwa anazichoma yeye tu, nje, mbali na nyumba, kwenye karai bovu lililotobolewa matundu. Anajifunga kanga puani, anashika fimbo ndefu ya kugeuzia. Korosho zikipata moto zinatema, mwali unapanda, moshi unawasha macho kama pilipili. Hapo anazimwagia mchanga, moto unakufa, ndo tunaitwa kuja kubangua. Kabla ya hapo hatusogei, maana alishatuambia ule moshi una mtu. Jina lake hakulitaja. Alikuwa anamwita Mwenyewe.

"Nje anachukua moshi wake anaenda zake," alikuwa anatuambia. "Ukichomea ndani umemkaribisha, na akiingia anakaba watu koo. Msije mkampa maji, akinywa anarefuka. Mpeni mchanga, alale."

Mie, niliyekuwa sijui kuogopa mbwa wala polisi, nilikuwa namwogopa huyo.

Mama yangu ndo alikuwa haamini. Yeye mtu wa Iringa, kwao viazi na mahindi, korosho kazijulia Dar baada ya kuolewa. Kwa bibi ana heshima zake, shikamoo kila asubuhi, ila habari za Mwenyewe anazichekea pembeni.

Sasa mwaka huo vuli ikanyesha, mvua ya kuzamisha mji. Bibi kaenda msibani Tandika, baba yuko kazini, na jioni hiyo mjomba anafika kutoka Iringa. Mama akataka kaka yake, aliyekuwa kajilaza nyumba kubwa kwa uchovu wa safari, ale korosho za moto. Nje hapachomeki. Nikamwona anaingiza karai kwenye kile chumba cha uani tulichokuwa tunapikia, analiweka juu ya jiko la mkaa, na mlango anaurudishia kwa sababu mvua inapiga ndani. Mdogo wangu Mwanaidi, ndo kwanza anajifunza kutembea, kalala pale pale kwenye mkeka.

Nikamwambia mama, bibi kasema zisichomwe ndani.

"Bibi yako hayupo," akasema. "Na huyo mtu wake akija, mwambie mvua inanyesha, akae barazani asubiri."

Nikacheka, ila macho nikayaweka kwenye karai.

Kwanza zikatema. Halafu moshi ukashuka, ndo ajabu yake, haukutoka juu, ulitufuata chini. Macho yakafunga. Mama anakohoa, mie nakohoa, Mwanaidi anakohoa kwenye mkeka huku analia. Karai likawaka lote. Nikamsikia mama anachota kwenye mtungi. Nikataka kupiga kelele asimpe maji, sauti haikutoka, koo nimeshakabwa. Akamwaga.

Moto ukaruka mpaka kwenye bati. Na hapo ndo nilimwona. Mtu mrefu, chumba hakimtoshi, kainamisha kichwa chini ya paa, mikono kaitandaza ukuta hadi ukuta. Mama alipiga ukelele mmoja, mkono wake umeungua, akawa anapapasa ukutani anatafuta mlango upande ambao mlango haupo. Nilijikojolea, nasema kweli tupu.

Halafu Mwanaidi akaacha kukohoa.

Nimesikia mengi katika maisha yangu, nimesikia risasi, nimesikia lori likipinduka Kilwa Road, lakini hakuna kilichowahi kunitisha kama ule ukimya. Sikuwa tena na habari na Mwenyewe. Nikakumbuka mchanga. Mtungi wetu ulikuwa umekalia mchanga pale kwenye kona, kama mitungi yote ya zamani, maji yapoe. Mtungi ule wanaume wawili walikuwa wanausogeza kwa shida. Niliung'oa peke yangu, nikachota mchanga kwa mikono miwili, nikatupa, nikatupa, nikatupa, naomba radhi kwa kila konzi, mpaka mwali ukalala. Mama akauona mwanga wa mlango, akaufungua. Mie nikamburuta Mwanaidi kwa mguu mpaka kwenye mvua.

Alikuwa amelegea kama kanga iliyoloa. Mvua ikampiga usoni. Mama kapiga magoti kwenye tope, anamwita, anamwita. Ndipo akakohoa.

Bibi aliporudi aliona ukuta mweusi na mkono wa mama. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mlimpa nini?"

"Mchanga, bibi," nikasema.

Akampaka mama mafuta ya nazi, taratibu, kama anampaka mwanawe wa kumzaa. Korosho zilizoungua akazirudisha chini ya mkorosho. Tangu siku hiyo mama hakumcheka tena yule mtu.

Watoto wangu waliosoma wananiambia ganda la korosho lina mafuta, na mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji, basi, hakuna zaidi. Sibishi. Ila mafuta gani yanainamisha kichwa chini ya bati? Mama naye mpaka leo anasema ule mtungi ulikuwa mtupu, maji yote alikuwa kashayamwaga yeye. Msimsikilize.

Bibi neno la kitaalamu hakuwa nalo. Alitupa mtu wa kumwogopa, na woga ule ndo ulinipeleka kwenye mchanga wakati akili imeshakimbia. Mwanaidi sasa ana wajukuu. Kila msimu anakuja kwangu, tunachomea nje, ndoo ya mchanga iko karibu. Moshi ukigeukia kwake anakohoa, anatukana, anahamisha kigoda. Akikohoa mie natulia. Akinyamaza kidogo tu, nageuka kumtazama.