Wameongeza Umri wa Kustaafu, na Posa ya Binti Yangu Inangoja

Assalaam alaykum, ndugu wasomaji. Nimemwomba mwenye gazeti hili alifiche jina langu, naye ameniahidi. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na sita, ingawa wakubwa wangu wananiambia kwamba sijatimiza hamsini na mitano. Sababu yake mtaiona. Ni karani wa serikali hapa mjini Unguja, na kazi yangu ni kunakili hati za mashamba na nyumba. Nina mke na binti mmoja, ambaye nitamwita Zuwena ingawa silo jina lake.

Yapata miaka mitatu macho yangu yameingia ukungu. Mlango nauona, mtu namwona, lakini mstari wa wino mbele yangu ni kama uzi mweusi uliolowa maji. Zuwena alisoma chuo cha Qurani mpaka akahitimu, kisha mimi mwenyewe nikamfundisha mwandiko na nahau. Basi nikawa nazichukua hati nyumbani baada ya adhuhuri, yeye akazinakili kwa mwandiko unaofanana na wangu, akanisomea, nami nikatia sahihi. Halijakosewa hata neno moja. Lakini afisini hakuna ajuaye kwamba hati za watu zinaandikwa na mwanamwali aliyeketi ukumbini kwetu.

Mapema mwaka jana aliletewa posa na mwalimu wa chuo wa Chwaka, kijana mwenye adabu na dini. Sikumkataa. Nilimwambia mama wa kijana, Bi Salama, asubiri hadi mwezi wa Mfungo Pili, kwa kuwa hapo nitatimiza miaka hamsini na mitano, nitatoka kazini na pensheni yangu, na Zuwena atakwenda kwa mumewe. Akaridhika.

Mwezi ulipoandama nilivaa kanzu mpya, nikaenda kuwaaga wenzangu na kuwataka radhi mmoja mmoja. Mkubwa wetu wa Kizungu akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomweleza alicheka, akasema kwamba serikali huhesabu kwa mwaka wao, ambao ni mrefu kuliko wetu, na kwa hesabu hiyo nimebakiwa na zaidi ya mwaka mzima. Umri wangu wote nilikuwa nimeuhesabu kwa miezi ya kuandama, kama alivyonihesabia marehemu baba yangu. Nikarudi kwenye kiti changu, na wale niliowataka radhi wakaniita "marehemu" mpaka alasiri.

Bi Salama alikubali kungoja tena, kwa shingo upande. Nami nilingoja naye. Miezi ilikuwa imebaki michache tu, ndipo ikatoka amri mpya: karani hatapata pensheni mpaka atimize miaka sitini. Mkubwa alitueleza kwamba wajuao kuandika ni wachache, na kwamba serikali haioni busara kuwalipa watu wenye nguvu zao wakae barazani. Mwenzangu mmoja mwenye watoto wadogo alifurahi, na simlaumu. Kwake yeye amri hii ni rehema. Lakini amri imetuweka sote katika mizani moja, na miili yetu haikuzeeka pamoja.

Nikauliza, kana kwamba namwulizia mtu mwingine, habari ya karani aliyedhoofika. Akajibu kwamba huyo atapimwa na daktari, na ikionekana alikuwa akiuficha udhaifu wake huku akila mshahara, ataondolewa bila ya chochote. 

Juzi Bi Salama alikuja. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimwambia mke wangu: "Mwenzangu, huyo mwanenu mnamngoja aote mvi ndiyo mumtoe? Mie mwanangu nshamwambia atazame kwengine, hataki. Basi mwezi ukiandama ntakuja kuchukua neno moja. Nikikuta amri nyengine tena, siji."

Alipotoka, mke wangu hakuniuliza nimesikia au sikusikia. "Serikali umeitumikia wewe, si yeye," alisema. "Kama umeiposa, kaa nayo wewe." Nikamwuliza sisi tutakula nini. Shamba letu la mikarafuu tuliliuza yeye alipougua mguu, na mguu wenyewe haukupona. Kwenda Chwaka kukaa kwa mkwe, nikipimiwa tonge mbele ya wajukuu, siwezi hata kulifikiri.

Jioni ile Zuwena alinijia mwenyewe. "Baba, mwambie Bi Salama mie sitaki mume. Miaka mitano si mingi." Wallahi nilifarijika. Niliingia kusali nimefarijika, na hilo ndilo linalonila moyo hadi leo.

Kesho yake nilikaa mkekani, mkono wangu ukagusa kofia ya kushona kwa sindano. Nikaipapasa, matobo yote ya nakshi yalikuwa yamekwisha kushonwa kwa uzi mwembamba, kazi ya miezi mingi. Nikamwuliza ni ya nani. "Yako, Baba," akasema. Nikaivaa. Ikakaa juu ya utosi wangu, haikushuka; haikupimwa kwa kichwa changu. Aliivua kichwani pangu taratibu, akaiweka kando, akaichukua kalamu akaendelea na hati ya watu wa Mangapwani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa kama za mwanafunzi anayeanza, kwa kuwa hii peke yake sikuweza kumpa yeye ainakili. Nikimtoa Zuwena, haitapita wiki moja kabla ya kujulikana kwamba sioni, na mimi na mke wangu mgonjwa tutabaki mikono mitupu. Nikimzuia, atafika miaka thelathini akiandika kwa jina langu. Ninyi mnaosoma, na ninyi mnaosomewa barazani, msiniambie nisubiri. Gharama ya kusubiri kwangu anailipa yeye. Niambieni tu, Bi Salama akipiga hodi, nimjibu nini?