Mzinga wa Bomba na Ulezi wa Bibi Skola

Je, baba alijua? Swali hilo lilininyima usingizi kwa wiki tatu baada ya Pasaka, tangu siku binamu yangu Fredi alipokuja kutusaidia kupepeta maharage akatamka, kama mtu anayetaja bei ya sukari, “Lakini Oliva, si baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeniambia nikane?” Kisha akaendelea kupepeta. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachakaa. Nimemaliza chuo, nipo nyumbani Izia nasubiri ajira, na muda ninao mwingi kuliko unaonifaa. Fredi aliwahi kusema uongo mbele ya watu wazima. Kwa nini nimwamini sasa? Lakini pia, kwa nini adanganye sasa, wakati hakuna anayemuuliza? Basi nikaanza kuurudia msimu ule wa ulezi, siku kwa siku, nikitafuta nilichokosa kukiona nilipokuwa na miaka kumi na moja.

Msimu ule kwangu unanukia vitu viwili: ulezi unaokauka shambani na gundi ya mabomba. Ilikuwa Juni, upepo wa baridi unakata masikio, na kazi yetu watoto baada ya shule ilikuwa kuamia ndege wasile ulezi. Wengine walipiga madebe. Fredi, aliyenizidi miaka miwili, aliyachoka madebe. Nyuma ya nyumba yetu yalilala mabomba ya plastiki ya mradi wa maji wa mtaa, na baba ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Tulikatazwa hata kuyakalia. “Ukiogopa, nenda kapige debe na vitoto,” Fredi aliniambia. Sikutaka kuwa kitoto. Nilichukua vipande viwili na kopo la gundi mwenyewe, kwa mikono yangu. Bomba nene likawa tumbo, jembamba likawa mdomo, na katikati koki: mzinga kamili. Tulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka mikono ikatetemeka, tukapachika kidonge cha udongo wa kichuguu tulichokianika juani, kisha Fredi akafungua koki kwa mpigo mmoja. Puu! Ndege waliinuka shamba zima kama blanketi linalokung’utwa. Fredi alicheka hadi akakaa chini. “Oliva, sisi ni jeshi!” Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda binamu yangu mchana ule.

Hatukujiuliza vidonge vinaangukia wapi. Ng’ambo ya mikaratusi ilikuwepo nyumba ya Mzee Kalisti, yenye bati jipya. Kidonge kikigonga bati kilipasuka kikawa vumbi, na upepo ukalipeperusha. Mzee alisikia vishindo mchana kweupe, mbingu haina hata wingu. Akitoka nje haoni jiwe wala mtu. Mahali pengine angetafuta watoto watundu. Kwetu, mtu akisikia ngurumo pasipo wingu hatafuti mtoto. Anamtafuta aliyegombana naye. Na Mzee Kalisti alikuwa amegombana na jirani yake, Bibi Skola, mjane, juu ya mpaka wa shamba, na katika ugomvi ule bibi alimwambia, “Utaona.” Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Kabla ya wiki kwisha lilikuwa limefika kisimani, sokoni na hadi kanisani: Bibi Skola anatuma radi. Siku tuliposikia, tuliuficha mzinga nyuma ya banda la kuku, tukarudi kwenye madebe.

Wiki iliyofuata Bibi Skola alipika pombe ya ulezi, kama ilivyo desturi mtu anapowaita majirani wamsaidie kuvuna. Mtungi ulikaa uani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuja mtu. Nilipita njia ya juu nikamwona ameketi kando yake, kata mkononi, uso ameuelekeza barabarani. Pombe ikachacha. Ulezi wake ukaliwa na ndege wale wale tuliokuwa tumewafukuza kwetu. Jioni hiyo nilimwambia Fredi siwezi tena. Tukakubaliana: Jumamosi jumuiya ya kanisa ingesali nyumbani kwetu, mimi ningesema, yeye angeuleta mzinga mbele ya watu. “Nikikukana, radi inipige,” alisema, na akaapa kwa kulamba kidole na kukielekeza juu.

Jumamosi, baada ya rozari, Mzee Kalisti aliomba jumuiya iombee nyumba yake. Nikasimama. “Shikamooni. Siyo Bibi Skola. Ni mimi na Fredi. Tuna mzinga wa bomba.” Baba akageuka taratibu. “Fredi, huo mzinga uko wapi?” Fredi alitazama vidole vya miguu yake. “Sijui, baba mdogo. Mimi sijauona.” Nikakimbia nyuma ya banda la kuku, watu wananifuata. Palikuwa na manyoya na kinyesi cha kuku tu. Nikasikia mama mmoja akinong’ona kwa sauti ya kusikika, “Jamani, bibi yule ameshamfunga mtoto akili.” Wakanirudisha ndani, wakaniwekea mikono, wakaniombea mimi nifunguliwe. Mkono mzito kuliko yote kichwani mwangu ulikuwa wa baba. Nakumbuka nilifarijika kuwa ni wake.

Haukupita mwezi, binti yake Bibi Skola akaja kumchukua, akamhamishia Matai. Watu walisema ameondoka kwa sababu ameumbuliwa. Ushahidi wangu haukumsaidia, ulimmaliza. Tulifundishwa shuleni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hii imefika miaka kumi na miwili. Leo Izia ina mabomba kila uchochoro, na kishindo kikisikika vijana wanatoa simu kwanza kupiga video. Lakini bado nawasikia wazazi wakiwakataza watoto kupita kwenye shamba la Bibi Skola, na waliozaliwa baada yake wanalikwepa bila kujua kwa nini. Nilimbana Fredi, naye akasema baba aliukuta mzinga, akaogopa: ikijulikana watoto wake wamechukua mabomba ya mradi, angevuliwa usimamizi kwa aibu. Niliandaa maswali ya kumuuliza baba, nikayafuta, nikayaandaa upya. Kila mara nilikwama palepale: akikataa, nitajuaje?

Alhamisi nikapanda gari la Matai. Bibi Skola amezeeka, macho yamepungua nuru, lakini mikono bado inachambua ulezi kwenye ungo bila kuutazama. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba. Mtoto wa nani wewe?” Nilipojitaja, mikono ikasimama. Nikamweleza yote, haraka, kama mtu anayetapika. Alipotamka neno, halikuwa la mshangao. “Bomba lenu nililiona. Siku ileile ya jumuiya, alfajiri, nilimkuta baba yako kule makorongoni anamwaga kiroba. Vipande vyeupe, kimoja kina koki. Nikamuuliza, ‘Ndicho kilichokuwa kinalia?’ Akaniamkia, akapita.” Nikauliza kwa nini hakusema. Akacheka kidogo, bila furaha. “Mimi niseme, nani anisikie? Wewe mtoto ulisema, nilipata habari. Mimi nilikuwa namsubiri mkubwa aseme.”

Nikafikiria umri wa baba, shinikizo lake la damu, ada yote aliyonilipia, na jinsi atakavyonitazama nikirudi. Nilifikiria pia kwamba aliuliza mzinga uko wapi huku akijua. Kisha nikatoa simu, nikapiga. Akapokea kwa uchangamfu, “Ee mwanangu, upo wapi?” Nikamwambia, “Nipo Matai, baba. Kwa Bibi Skola. Ana mazungumzo na wewe.” Nikamsikia akivuta pumzi ili aanze kuniambia jambo. Sikumngoja. Nikampa bibi simu.