Njia za Ng'ombe kwenye Ramani ya Baba

Enzi zetu kule upande wa Samuye, ramani ilikuwa moja tu, ya baba. Alipewa na wapimaji wa ardhi aliowabebea vyuma vyao, akaibandika ukutani kwa uji mzito wa muhogo, na mgeni hakukaribishwa chakula kabla hajaisifu. Mashamba ya pamba yalikuwamo, lambo lilikuwamo, reli ilikuwa mstari mweusi wenye vijimeno. Kilima chetu kilijaa mistari ya kahawia, na sisi wachungaji tuliijua mara moja: njia za ng'ombe.

Siku dada Kabula alipokwenda chuo cha ualimu Mwanza, baba alimpeleka stesheni kwa baiskeli. Mimi na kaka yangu Masanja tulikatazwa kufuata. Lakini dada ndiye aliyetulea tangu mama afariki, na tulikuwa tumemwahidi kumpungia mkono. Basi tukabandua ramani, tukajaza mifukoni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukachagua mstari uliopita karibu kabisa na reli.

Masanja aliongoza kwa madaha ya mkuu wa wilaya. Nikitaka kushuka kidogo, ananifokea, "Usitoke kwenye mstari." Tulitembea tukiimba mpaka michembe ikaisha, na mbele yetu ikatokea nyumba iliyofanana sana na ya kwetu. Kumbe ni ya kwetu. Tulikuwa tumekizunguka kilima chote.

Hapo treni ikapiga honi. Tulipanda mbio hadi kileleni, Masanja akapunga shati, mimi kitenge, tukaruka na kupiga kelele. Mabehewa yalipita mbali kule chini, na hatukujua dada yuko katika lipi. Nililia sana. Baba aliporudi aliitazama ramani iliyochanika, akasema, "Mngemfuata ng'ombe, mngefika."

Sekondari, mwalimu aliposema mistari ile ya kahawia ya ramani huunganisha sehemu zenye kimo kimoja, nilicheka mpaka nikatolewa nje. Watoto wa leo wasitucheke. Simu ikiwaambia wageuke kulia, wanageuka hata kama ni dimbwini.

Mwaka huu nilimtembelea dada, sasa mstaafu huko Masumbwe. Tukichambua maharage akaniambia jambo alilolificha miaka yote, eti tungevimba vichwa. Alipotukosa stesheni, aliazimia kushuka kituo cha pili arudi nyumbani.

"Nikachungulia dirishani, nikawaona mnarukaruka kule juu kama mbuzi. Nikasema, hawa watapona. Nikakaa."

Siku hizi wanangu wakisafiri hunitumia ujumbe kwamba wamefika, nami nashukuru Mungu. Ila hakuna kati yao anayejua, kama dada alivyojua, nilimsindikiza kwa macho mpaka wapi.